Pointi za Mama

Jumapili, 1 Februari

Theluji inayopulizwa kutoka ziwani haijakoma tangu Ijumaa. Baba amezoa theluji ya njia ya gari mara tatu leo, ingawa hakuna aliyekwenda popote.

Kampuni ya hoteli imemwandikia Mama tena. Barua pepe zake bado zinaingia kwenye kompyuta ya jikoni kwa sababu hakuna aliyezifunga. Zote huanza vilevile: "Karibu nyumbani, Lorraine." Hii ya leo inasema pointi zake za miaka miwili zitakufa tarehe 31 Machi zisipotumika.

Niliandike jambo hili vizuri, maana naona litatusumbua. Miaka kumi na moja iliyopita Mama alinunua, kwa jina lake peke yake, haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika hoteli za kampuni hiyo kule Orlando, Florida. Si chumba, si nyumba. Ni haki ya likizo, na ada yake hulipwa kila Januari, utumie usitumie, maisha yako yote, na ukifa anaendelea anayekurithi. Baadaye kampuni ikaacha kuhesabu kwa wiki, ikahesabu kwa pointi. Mwaka jana hatukwenda kwa sababu ya saratani, kwa hiyo pointi zimelundikana. Mama alifariki tarehe 9 Julai.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, theluji bado mabegani. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hizo zinatosha meli?"

Nikamuuliza meli gani.

"Zile za starehe. Wanabadilisha pointi kwa safari ya meli. Mama yako alinionyesha kijitabu."

Ni swali lake la kwanza tangu Julai ambalo halikuhusu kama mlango umefungwa.

Jumanne, 3 Februari

Shule imefungwa kwa theluji. Nimesahihisha tafsiri za Kilatini za wasichana ishirini na sita. Hakuna jingine.

Ijumaa, 6 Februari

Garrett alikuja na mkewe, Missy, na watoto wao wawili. Yeye ni kaka yangu, ananizidi miaka kumi, ana duka la matairi. Nilipika pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani. Baba alikula mezani pamoja nasi. Tangu Julai amekuwa akila mbele ya televisheni, sahani juu ya goti.

Habari ya meli aliianzisha yeye mwenyewe. Anaijua tayari ghorofa kwa ghorofa. Siku saba, kutoka Florida, kupitia visiwa vitatu, mwezi Juni, watoto wakifunga shule. Wasichana wa Garrett wakauliza kama kuna bwawa la kuogelea. Baba akawaambia yapo manne, na moja lina maji ya chumvi.

"Nani anaweka maji ya chumvi kwenye bwawa juu ya bahari?" Missy akauliza.

"Watu wenye nafasi," Baba akasema, na sote tukacheka, hata mimi, ingawa kicheko changu nilikisikia kama cha mtu wa chumba cha pili.

Kisha Garrett akaanza hadithi za Mama na kile kikao. Kila mwaka kampuni huwaalika wateja wake kifungua kinywa, dakika tisini, mnakunywa kahawa huku mtu mwenye tai anawashawishi mnunue zaidi. Ukivumilia mpaka mwisho unapewa zawadi. Mama hakukosa hata kimoja. Alirudi na masufuria, alirudi na mwavuli, mwaka mmoja alirudi na paja zima la nguruwe, akalirudisha Pennsylvania kwa gari, siku mbili, ndani ya barafu.

"Mwanamke mwenye akili kama yule," Garrett akasema, "na alinasa kama samaki."

Nilikubali. Siku zote nimeona hivyo. Mama aliyenisomesha kwa kushona nguo za arusi za watu wengine, aliyejua bei ya nyuzi kwa kugusa tu, aliketi kwenye ukumbi wa hoteli akasaini karatasi isiyo na mwisho. Nilikuwa chuoni wakati huo. Nilimwonea aibu, na nilimwambia.

Jumanne, 10 Februari

Nimekwenda kwa wakili, Bi. DiNardo. Alisoma na Mama tangu shule ya msingi. Ofisi yake ina joto kali na harufu ya zulia bichi.

Kuna sentensi moja katika wosia ambayo sikuwa nimeijali. Nyumba ni ya Baba, vyerehani vinakwenda parokiani. Halafu: "Haki yangu ya likizo namwachia Renata, kwa sababu hapumziki."

Bi. DiNardo akaniambia nimsikilize kama ninavyotaka wanafunzi wangu wanisikilize. Urithi si lazima. Mtu anaweza kuukana kwa maandishi ndani ya miezi tisa tangu kifo, na miezi tisa yangu inaisha tarehe 9 Aprili. Nikikana mimi, Baba na Garrett nao watakana kwa zamu, na mwisho wake kampuni itachukua kitu chake. Lakini kuna sharti.

"Usiwe umeugusa," akasema. "Ukitumia pointi moja, hata kwa usiku mmoja wa hoteli, umeupokea. Ukishaupokea ni wako. Utakuwa na miaka sabini na bado unalipa, na baada yako atafutwe mwingine."

Nikamweleza habari ya meli.

Akaweka kalamu chini. "Gene, baba yako, anajua haya?"

Nikasema nitamwambia leo.

Jumatano, 11 Februari

Sikumwambia. Nilipofika nyumbani alikuwa amechapisha ramani ya meli, ameibandika kwenye jokofu kwa sumaku nne. Aliniuliza kama ningependa chumba chenye dirisha. Nikasema tutaona.

Nimempigia Garrett. Alisikiliza yote, nikisikia mashine ya kufungulia nati ikivuma nyuma yake. Akasema, "Mzee anataka meli. Mpe meli, Rena. Kitu gani kingine anachokitaka?"

Nikamwambia basi tuandikishe majina mawili, langu na lake, tubebe pamoja.

Mashine ikazimwa. Halafu: "Mimi nina watoto."

"Kwa hiyo mimi kwa kuwa sina, nibebe."

"Sijasema hivyo."

Alikuwa amesema hivyo. Sikukasirika. Niliweka simu chini, nikasahihisha madaftari.

Jumanne, 17 Februari

Siku ya mwisho ya kula vitu vitamu kabla ya Kwaresima. Baba alipanga foleni saa moja na nusu kwenye baridi, akarudi na donati dazeni mbili za jemu ya plamu. Amekula nne.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padre aliniambia mimi ni mavumbi. Nilisema amina kama mtu anayethibitisha anwani yake.

Ijumaa, 20 Februari

Samaki wa Ijumaa ya kwanza, ukumbi wa chini wa parokia. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Baba amekaanga samaki pale kila Kwaresima kwa miaka ishirini na saba. Nilidhani mwaka huu hatakwenda. Alikwenda saa nane mchana, na aproni yake.

Kupitia dirisha la jikoni nilimwona, uso mwekundu kwa mvuke, anaongea. Chet Nowak, aliyefanya naye kazi kiwanda cha injini za treni, alikuwa akichovya minofu kwenye unga.

"Nahodha, geuza hao, wanaungua. Ukiendesha meli hivyo mtazama wote."

"Wewe hutakuwemo, Chet. Unabaki hapa kuosha masufuria."

Kwa hiyo ameshamwambia Chet. Na akimwambia Chet amewaambia watu wote wa upande wa mashariki. Wanawake watatu niliowapa tiketi ya chakula walinipongeza. Mmoja akasema Mama angefurahi sana. Nikasema ndiyo, angefurahi. Kabichi na viazi vilikuwa vizuri. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 24 Februari

Upepo. Umeme ulikatika dakika arobaini.

Ijumaa, 27 Februari

Tena samaki. Baba amenunua kitabu cha picha za samaki wa bahari ya joto. Anajua majina. Anayataja polepole, kama mtoto anayesoma kibao cha duka.

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu kufikiri kama mtu aliyesoma.

Nikikubali, sifi. Ni ada ya kila mwaka. Walimu wenzangu wanalipia farasi, wanalipia meno ya watoto. Mtu anaweza kuishi na mzigo kama huu hata akausahau, kama mtu mwenye goti bovu.

Lakini kila nikifika hapo naona Januari zote zilizobaki, zimepangwa mstari, na katika kila moja bahasha, na katika kila bahasha neno "Karibu nyumbani". Na mimi nafungua, nalipa, nafungua, nalipa, kwa ajili ya aibu ileile niliyomwonea Mama. Ningekuwa nalipia kosa lake kwa miaka mingi kuliko alivyolilipia yeye.

Nikikataa, ninang'oa ramani kwenye jokofu.

Ninajua kipi ni sahihi. Ninachoshangaa ni kwamba hakuna hata kimoja kinachouma. Ninavigusa vyote viwili kama mtu anayegusa shavu lake baada ya sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Najua ni shavu. Najua ni langu.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua juu ya theluji. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama mimi huwa nakasirika. Nikamwambia afungue ukurasa wa hamsini.

Ijumaa, 13 Machi

Nilirudi kutoka shule saa tisa. Baba alikuwa parokiani kwa samaki wake. Kompyuta ya jikoni ilikuwa imewaka, barua pepe ya Mama wazi.

"Hongera, Lorraine. Safari yako imethibitishwa."

Baba ameagiza. Anajua neno la siri la Mama, kila mtu analijua, ni jina la paka tuliyekuwa naye. Ametumia pointi zote. Vyumba vitatu. Nikashuka kwenye orodha ya wasafiri nikihesabu, na hesabu ikakataa. Sisi ni sita: Baba, mimi, Garrett, Missy, wasichana wawili. Majina yalikuwa saba.

Msafiri wa kwanza: Lorraine Sobczak. Chumba kimoja na Eugene Sobczak, yaani Baba. Kitanda kimoja kikubwa.

Nilikaa pale nikiwa na koti langu. Nadhani nilikaa muda mrefu kwa sababu theluji ya viatuni iliyeyuka na kufanya dimbwi, na soksi zangu zikalowa, na ndipo nikainuka.

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia Garrett. Nilitegemea aseme basi, limekwisha, twende. Badala yake alikuja mwenyewe, akaegesha mbali na nyumba ili Baba asione, tukaongea ndani ya gari lake huku kipasha joto kikipuliza.

Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana. Akasema tangu siku ile ya simu amekuwa akijisikia kama mbwa. Akasema, "Nitamwambia mimi. Nitamwambia nilikataa mimi, anikasirikie mimi. Nimezoea."

Nikamkumbusha kwamba mwenye kuachiwa ni mimi.

"Nakwambia kitu," akasema. "Mimi hata kwenye mtumbwi wa ziwani natapika. Nilikubali kwa ajili yake. Na nilidhani na wewe unataka."

Nilimtazama. Ana mvi juu ya masikio. Sikuwa nimeziona. Siku zote nimemwona kama mtu anayechukua kipande kikubwa na kuacha sahani mezani, na huenda ni kweli, lakini pia ni mtu aliyekuwa tayari kutapika siku saba bila kumwambia yeyote.

Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Jumatatu, 16 Machi

Bi. DiNardo, kwa simu. Hakupandisha sauti. Akasema alichofanya Baba bila mimi kujua si tendo langu, na agizo likifutwa ataandika hivyo na atalitetea popote.

"Lakini sasa unajua," akasema. "Kila siku unayonyamaza kuanzia leo, hiyo ni siku yako."

Ijumaa, 20 Machi

Wamemtengenezea kofia. Chet na wenzake wa jikoni. Kofia nyeupe ya karatasi ngumu, nanga imechorwa kwa kalamu ya bluu. Aliivaa jioni nzima akikaanga.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwenye gari tukirudi. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, kofia gotini. Akaniambia amepigwa picha ya pasipoti, na mpiga picha amemwambia asitabasamu, na yeye akamjibu kwamba amejaribu lakini uso unakataa.

Sikumwambia.

Jumanne, 24 Machi

Jua. Theluji ya bustani imebaki kama kisahani.

Jumamosi, 28 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa gereji, ananoa visu vya mashine ya nyasi. Nilisimama mlangoni nikayasema yote kwa mpangilio, kama somo: wosia, miezi tisa, sharti la kutogusa, kampuni, Januari zote. Nikasema nilijua tangu Februari na nikanyamaza, na kwamba kunyamaza huko ni kosa langu, kubwa kuliko agizo lake. Nikasema nimeona majina saba.

Akazima mashine ya kunolea. Ilichukua muda kusimama.

"Kompyuta ilimweka yenyewe," akasema. "Pointi ni zake, kwa hiyo inamweka wa kwanza. Nilitaka kumtoa. Ukitaka kumtoa inakuuliza sababu. Kuna orodha ya sababu, unachagua moja." Akafuta kisu kwa kitambaa, pande zote mbili. "Sikuchagua."

Nikasema naelewa.

"Huelewi. Unadhani mama yako alidanganywa."

Nikasogea ndani.

Akavuta ndoo akaketi juu yake, nami nikaketi kwenye ngazi. Akanieleza, na nitaandika kama alivyosema, kwa sababu Baba hajawahi kuniambia kitu kirefu hivyo.

Ulikuwa mwaka aliopunguzwa kazi, baada ya miaka thelathini na moja. Walikwenda Orlando kwa tiketi walizoshinda kwenye bahati nasibu ya parokia. Walipewa kifungua kinywa, wakaketishwa na kijana mwenye tai. Kijana alianza na Mama, Mama akamjibu hapana kumi na mbili, Baba alizihesabu. Kisha kijana akamgeukia Baba. Akamuuliza, Gene, kama ungeweza kuamka kesho popote duniani, ungeamkia wapi?

"Nikasema baharini," Baba akasema. "Sijui ilitoka wapi. Nilipokuwa na miaka kumi na nane nilikwenda kujiandikisha jeshi la majini. Wakanirudisha kwa sababu ya sikio hili. Sikumwambia mtu, nilisema nimebadili mawazo. Nikaingia kiwandani. Na yule kijana ananiuliza, na mimi nikaanza kuongea. Niliongea karibu saa nzima, Rena. Mawimbi, meli, sijui nini. Kijana mwenyewe aliacha kuandika. Na mama yako ananitazama. Tulikuwa na miaka thelathini ya ndoa. Mwaka ule nilikuwa sisemi hata kwaheri nikitoka nyumbani. Nilipomaliza, akachukua kalamu ya yule kijana kutoka mkononi mwake. Hakusoma hata ukurasa mmoja."

"Alisema nini?"

"Kwenye gari. Alisema, 'Sasa itabidi uende.'"

Nikamuuliza waliiona lini bahari, basi.

Akatikisa kichwa. "Tumefika Orlando mara tisa. Bahari iko mwendo wa saa moja. Hatukufika."

"Kwa nini, Baba?"

"Asubuhi kulikuwa na kikao. Mchana bwawa la kuogelea, na lilikuwa limeshalipiwa. Mama yako hakupenda kitu kilicholipiwa kikae bure." Akacheka kidogo puani. "Kila mwaka tulisema mwaka ujao."

Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kwenye mfereji wa paa.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikijua jambo moja kuhusu mama yangu, na nimelijua kwa uhakika, na halikuwa kweli. Aliinunua sauti ya mume wake. Aliinunua kwa bei ya kipumbavu, kwa karatasi ya kipumbavu, na alijua.

Nilitegemea hili libadilishe uamuzi wangu. Nilingoja pale kwenye ngazi libadilishe. Halikubadilisha. Kile alichokitaka alikipata siku ileile, ndani ya ukumbi ule. Zilizobaki ni Januari.

Baba akasema kabla sijasema. "Nitapiga simu Jumatatu. Niliagiza mimi, nafuta mimi."

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Misa ndefu.

Jumatatu, 30 Machi

Niliomba ruhusa shuleni. Baba alivaa shati la kola kupiga simu. Aliweka sauti wazi, simu katikati ya meza ya jikoni.

Mashine kwanza: karibu nyumbani, Lorraine. Wanaitambua namba. Baada ya muziki wa dakika ishirini akaja msichana aliyejitambulisha kwa jina la Kaylee, sauti changamfu, akauliza kama anaongea na Lorraine.

Baba akasema anaongea na mume wake, anataka kufuta safari.

Kaylee akasikitika. Akataja safari ya Oktoba, bahari tulivu zaidi. Baba akasema hapana asante. Akataja chumba kikubwa zaidi kwa pointi zilezile. Baba akasema hapana asante. Alisema kwa heshima sana, ameinama kuelekea simu kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Basi nitahitaji sababu tu, mheshimiwa, kwa ajili ya fomu. Ni mabadiliko ya ratiba, ni ugonjwa, ni—"

"Amefariki," Baba akasema. "Mke wangu amefariki. Mwezi wa Julai."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kwa majirani alisema "hayupo tena", kwa benki niliongea mimi, kwenye kaburi hakusema lolote. Alilisema kwa Kaylee, mtu asiyemjua, katika fomu. Kisha akaweka kiganja mezani, kikiwa wazi, na kukitazama.

Kwa sauti nyingine kabisa, Kaylee akasema pole, babu yake alifariki mwaka jana, pole sana. Halafu tukasikia kibodi, na sauti ya mwanzo ikarudi, lakini ikijikwaa, kwa sababu alikuwa anasoma. Familia nyingi huchagua kuendeleza umiliki wa mpendwa wao. Je, yupo mwanafamilia ambaye angependa kuendelea?

Baba alinitazama. Hakuwa ananiomba, nataka niliandike hilo wazi. Alikuwa ananipisha.

Niliisogeza simu upande wangu.

"Mimi ndiye nimeachiwa," nikasema. "Jina langu ni Renata Sobczak. Jibu ni hapana."

Akaniuliza kama ningependa kufikiria hadi kesho, kwa kuwa kesho ndiyo siku ya mwisho ya pointi.

"Nimefikiria. Hapana."

Baada ya simu Baba alikwenda kwenye jokofu, akatoa sumaku moja moja, akaikunja ramani kwa kufuata mikunjo yake. Akauliza kama nataka supu. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 31 Machi

Zimekufa saa sita ya usiku uliopita au zitakufa saa sita usiku wa leo, barua haikuwa wazi. Mawingu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Garrett alileta paja la kondoo, Missy keki. Wasichana walilia kidogo habari ya meli, kisha wakatafuta mayai. Chet alimuuliza Baba lini anaondoka, na Baba akamwambia haondoki. Chet akasema basi kofia airudishe. Baba akasema hairudishi.

Jumanne, 7 Aprili

Ofisi ya Bi. DiNardo, saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya mwisho. Nakala tatu, kila moja kurasa mbili. Alinipa kalamu, lakini mimi siwezi kusaini nisichosoma, hilo angalau nilikuwa nalo.

Nilisoma. Kukana kwa hiari, bila malipo, bila kuwa nimepokea faida yoyote. Kifungu cha nne kilisema kwamba kwa mambo yote yahusuyo mali hii, mkanaji atahesabiwa kuwa alifariki kabla ya marehemu.

Nikakisoma tena.

Nikauliza hii maana yake nini.

"Ni jinsi sheria inavyokuruka," akasema. "Ili urithi usikae kwako, inajifanya ulikufa kabla ya Lorraine, unapita kwa anayefuata. Ni maneno tu, Renata. Weka sahihi hapo kwenye msalaba."

"Lakini nilikuwepo," nikasema.

"Najua."

"Ilikuwa Jumatano. Saa nne na dakika kumi. Baba alikuwa nje anakata nyasi kwa sababu Mama alimwambia akakate, hakutaka awe chumbani. Garrett alikuwa bado njiani. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia ndiyo, na sikuwa nimekula. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwepo."

Sauti yangu ilitoka kubwa. Karani wa chumba cha pili aliacha kuchapa.

Bi. DiNardo alivua miwani yake akaiweka juu ya karatasi. Hakusema tena kwamba ni maneno tu. Akazunguka meza, akavuta kiti cha wateja, akaketi kando yangu, na nikalia, kwa kelele mbaya, kama mtu anayetapika, muda ambao sikuupima. Ilikuwa inauma kila mahali.

Kisha nikauliza kalamu iko wapi. Nikasaini mara tatu, jina langu lote.